Pacha au Pariti: Mjadala wa Diski za Hifadhidata

Kuna ununuzi ambao ofisi huufanya mara moja kwa miaka kadhaa, kisha huishi na matokeo yake kila siku. Nao ni ununuzi wa diski za seva ya hifadhidata. Fomu ya zabuni huwa na kisanduku kimoja kinachouliza aina ya RAID, na mara nyingi kisanduku hicho hujazwa na muuzaji. Naona kinastahili mjadala. Nimeweka mezani sauti nne ambazo hukutana kila jambo hili linapoletwa: Msimamizi wa hifadhidata, Fundi wa seva, Mhasibu anayelipa na Mkaguzi wa ndani. Sauti nimezipanga mimi, ila hoja ni zile zinazosikika kila penye seva. Tuchukulie taasisi yao ni chama cha akiba na mikopo, makao makuu Dar es Salaam, matawi mikoani, wanachama wakiweka na kutoa fedha kwa simu usiku na mchana. Ofa iliyo mbele yao ni ya seva yenye nafasi 12 za diski, kila diski terabaiti 2.

Mimi niko upande wa diski pacha, na nalisema hilo mapema ili msomaji ajue nasimama wapi. Hata hivyo kila sauti nimeipa hoja yake nzito kuliko zote ninazozijua, kwa sababu anayechagua pacha bila kujua nguvu ya pariti atashindwa kuutetea uamuzi wake siku bajeti itakapokatwa.

MHASIBU: Nianze mimi, kwa kuwa hundi inapita kwangu. Nimeletewa karatasi mbili. Moja inasema RAID 10, yaani diski pacha: nalipia terabaiti 24, natumia 12. Nyingine inasema RAID 5, yaani pariti: diski ni zilezile, natumia 22. Kijana wangu Fundi, wewe mwenyewe uliniambia kwamba chini ya RAID 5 diski moja ikifa kazi inaendelea. Gari linabeba tairi moja la akiba, halibebi manne. Kwa nini nusu ya mali ikae inalinda nusu nyingine?

FUNDI: Swali ni la haki, Mzee, na elimu hii yote ilizaliwa na swali la bei. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa andiko wakipendekeza watu waachane na diski moja kubwa ya bei ghali, wakusanye diski ndogo nyingi za bei nafuu zifanye kazi kama moja, mpango walioupa jina la RAID. Tatizo walilitaja humohumo: diski zikiwa nyingi, siku ya moja kufa inasogea karibu. Ndiyo maana wakapanga ngazi za ulinzi. Ngazi ya 1 ni pacha, yaani kila diski ina mwenzake mwenye maandishi yaleyale; RAID 10 ni jozi za namna hiyo zikiunganishwa. Ngazi ya 5 ni pariti. Chukua diski tatu za data: ya kwanza ina 1, ya pili ina 1, ya tatu ina 0. Kanuni inataka idadi ya moja, ukijumlisha na pariti, iwe shufwa. Hapo moja ziko mbili, tayari ni shufwa, basi pariti ni 0. Diski ya pili ikifa, unasoma 1, pengo, 0, na pariti 0. Pengo haliwezi kuwa kitu kingine ila 1. Hesabu hiyo ikirudiwa kwa kila biti, diski nzima inafufuka, na umelipia ziada ya diski moja tu kati ya 12.

MSIMAMIZI: Umemweleza Mzee jinsi ya kupona. Mweleze na jinsi ya kuandika.

FUNDI: Hapo pana bei nyingine, dada, nakubali. Mwanachama mmoja akibadilisha salio, kinachobadilika ni kipande kidogo cha diski moja. Lakini pariti yake imebadilika pia. Kwa hiyo mtambo unasoma kipande cha zamani, unasoma pariti ya zamani, unakokotoa, halafu unaandika kipande kipya na pariti mpya. Andiko moja limekuwa kazi nne. RAID 6 ina pariti mbili, kwa hiyo kazi ni sita. Pacha ni kazi mbili tu: andika huku, andika kule.

MSIMAMIZI: Sasa tuiweke kwenye hesabu ambayo Mzee anaipenda. Tuchukue diski 12 za kuzunguka, zile za mizunguko 15,000 kwa dakika, kila moja ikihudumia maombi kama 180 kwa sekunde. Jumla ni 2,160. Tuseme kati ya maombi 100, 70 ni ya kusoma na 30 ni ya kuandika. Kwa pacha, hifadhidata itapata maombi kama 1,660 kwa sekunde. Kwa RAID 5, kama 1,140. Kwa RAID 6, kama 860. Diski ni zilezile, bei ni ileile, na kazi imepungua karibu nusu. Wataalamu wa hifadhidata za Oracle walichoshwa na jambo hili hadi James Morle na Mogens Nørgaard wakaanzisha kundi la kupinga RAID 5 kwenye hifadhidata, BAARF. Walikuwa wamezunguka kwa wateja wengi, na walikuwa wanakuta hitilafu hiyohiyo.

MHASIBU: Lakini binti yangu, ofa hii haina diski ya kuzunguka hata moja. Hizi zote ni SSD, zisizozunguka.

FUNDI: Mzee amegusa penyewe, na hapa naachana kidogo na dada. Hesabu yake ni ya kweli kwa diski zile. SSD moja ya seva inahudumia makumi ya maelfu ya maombi kwa sekunde. Chama chetu hakifikishi hata sehemu ndogo ya uwezo huo, hata tarehe ya mishahara. Ukiugawanya kwa nne au kwa sita, bado unabaki zaidi ya tunachohitaji. Kwa hiyo mimi sitetei RAID 5, natetea RAID 6. Inatupa terabaiti 20 kati ya 24, na inavumilia diski zozote mbili kufa. Zozote. RAID 10 haitoi ahadi hiyo. Diski moja ikifa, zimebaki 11, na kati ya hizo kuna moja, yule pacha wake, ambayo ikifa kabla hatujabadilisha, hifadhidata yote imekwenda. Nafasi ni moja kati ya 11. Kwa RAID 6 nafasi hiyo ni sifuri. Nani hapa anaweza kusema sifuri ni mbaya kuliko moja kati ya 11?

Hoja hii ya Fundi ndiyo yenye uzito kuliko zote katika mjadala mzima, na nimewaona watetezi wa pacha wakiipita kama hawajaisikia. Haifai kupitwa. Kwa hesabu ya karatasi, Fundi ameshinda.

MSIMAMIZI: Umehesabu ni diski ngapi zinaweza kufa, mdogo wangu. Hukuhesabu muda ambao tutakaa tukiwa hatuna kinga kamili, wala kazi inayofanyika ndani ya muda huo. Diski ikifa kwenye pacha, diski mpya inanakili kutoka kwa diski moja. Kumi nyingine hazijui kama kuna msiba. Diski ikifa kwenye RAID 6, ili kuifufua inabidi kusoma karibu zote zilizobaki, kutoka mwanzo hadi mwisho, wakati wanachama wanaendelea kutuma fedha. Na kila ombi linaloangukia diski iliyokufa linageuka kuwa hesabu. Kwa SSD za terabaiti 2 huenda ikawa ni saa chache. Ila ofisi ikishazoea RAID 6, safari ijayo itanunua diski kubwa za kuzunguka kwa sababu ni nafuu. Diski ya terabaiti 20 inayoandika megabaiti 250 kwa sekunde bila kusimama inahitaji saa 22 kujazwa, na hiyo ni bila mteja hata mmoja kuigusa. Ukiweka na kazi ya mchana, ni siku kadhaa.

FUNDI: Siku kadhaa, lakini kinga moja bado ipo.

MSIMAMIZI: Ipo, kama vifo vingekuwa vinatokea kimoja kimoja bila kujuana. Mwaka 2007 Bianca Schroeder na huyohuyo Garth Gibson walichunguza takwimu za diski kama 100,000 kwenye mitambo mikubwa. Karatasi za watengenezaji zilikuwa zinaahidi wastani wa saa milioni 1 na zaidi kabla ya diski kufa, ambayo ni kama kusema isizidi asilimia 0.88 kwa mwaka. Walichokuta ni kwamba diski zilikuwa zinabadilishwa kwa asilimia 2 hadi 4 kwa mwaka, na sehemu nyingine hadi 13. Na walikuta vifo vinafuatana. Diski moja ikifa, nyingine iko karibu. Wewe unajenga safu nzima ya diski 12 za kundi moja, zimenunuliwa siku moja, zimewashwa saa moja, zinapata joto moja, halafu siku moja inapokufa unazilazimisha zote zilizobaki zifanye kazi kubwa kuliko zilivyowahi kufanya.

FUNDI: Basi hoja hiyo inakurudia, dada. Mwaka 2019 kampuni ya HPE ilitoa tangazo kwa wateja wake: baadhi ya SSD zake zilikuwa na kasoro kwenye programu iliyomo ndani yake, na zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa zinakufa kabisa, na data haipatikani tena. Hiyo ni miaka 3, siku 270 na saa 8. Pacha wawili waliowashwa siku moja wanafikisha saa hiyo pamoja. Pacha wako angekuokoa na nini?

MSIMAMIZI: Asingeniokoa. Wala pariti zako mbili zisingekuokoa wewe, kwa sababu zingekufa zote 12. Tukio lile linatufundisha sote wawili kitu ambacho hakimo kwenye kisanduku cha RAID: diski za seva moja ziwe za makundi tofauti ya utengenezaji, kila jozi ya pacha iwe na mmoja wa kundi hili na mmoja wa kundi lile, na programu zake ziwe zinasasishwa kwa ratiba. Kwa pacha naweza kulipanga hilo jozi kwa jozi. Na seva ya pili, yenye replika, yaani nakala hai ya hifadhidata, iwe na diski za mtengenezaji mwingine kabisa.

MHASIBU: Nisamehe, mama. Sasa tumefika seva ya pili na mimi bado sijakubali ya kwanza. Nijibu hili tu: nikichagua pacha napoteza terabaiti 8 ukilinganisha na RAID 6. Hizo ni fedha.

MSIMAMIZI: Mzee, hifadhidata yetu leo ina ukubwa gani?

MHASIBU: Ripoti yenu inasema terabaiti 3.

MSIMAMIZI: Na inaongezeka kama nusu terabaiti kwa mwaka. Miaka mitano ijayo itakuwa 5 na nusu. Terabaiti 20 ulitaka kuziweka nini?

Mhasibu hapa hana la kujibu, na si kosa lake. Ofa za diski huandikwa kwa bei ya kila terabaiti, kwa hiyo mnunuzi hulinganisha terabaiti. Hifadhidata ya miamala haihitaji nafasi kubwa. Inahitaji kuandika haraka bila kubabaika, na kupona haraka. Anayenunua nafasi asiyoihitaji kwa kuuza kasi ya kupona amefanya biashara mbaya hata kama karatasi inaonyesha amebana matumizi.

Sasa tuje kwenye mpangilio wa vitu ndani ya diski hizo. Hili husahauliwa kwa sababu haliko kwenye ofa.

FUNDI: Mimi napendekeza diski zote ziwe bwawa moja. Juan Loaiza wa Oracle alilitetea jambo hili kwa jina la SAME, yaani gawanya na weka pacha kila kitu: faili zote zitawanywe juu ya diski zote kwa vipande vya megabaiti 1, kila kipande na pacha wake. Sababu yake ni nzuri. Sisi binadamu tukijaribu kubashiri jedwali lipi litakuwa na kazi nyingi, tunakosea. Diski mbili zinachemka, kumi zimelala. Ukitawanya, zote zinafanya kazi sawa. Oracle iliingiza fikra hiyo kwenye ASM, kisimamizi chake cha diski, kilichokuja na toleo la 10g mwaka 2003.

MSIMAMIZI: Kwa kasi, nakubaliana naye moja kwa moja. Zile siku za kuweka faharasa diski hii na majedwali diski ile zimepita, na zilikuwa zinatupotezea muda. Ila kuna kitu kimoja sikitoi, nacho ni logi ya miamala. Tumfuate mwanachama mmoja. Yuko Tabora, anaweka shilingi 50,000 kwa simu. Ombi linafika. Hifadhidata inabadilisha ukurasa wa akaunti yake ndani ya kumbukumbu ya seva, si kwenye diski. Kisha inaandika mstari kwenye logi: akaunti hii, kutoka kiasi hiki hadi kiasi hiki. Mstari huo lazima ufike kwenye diski, na diski ithibitishe, ndipo simu ya yule mwanachama ipokee ujumbe kwamba fedha zimepokelewa. Ukurasa wenyewe unaweza kuandikwa kwenye diski baadaye sana. Maana yake ni kwamba kwa dakika kadhaa, ushahidi pekee wa kudumu wa zile shilingi 50,000 ni mstari mmoja kwenye logi.

MHASIBU: Kama leja na vocha.

MSIMAMIZI: Ndivyo, Mzee. Sasa tuseme saa nane mchana safu ya diski za data imekufa yote. Kama logi iko kwenye jozi yake tofauti, nachukua nakala rudufu ya usiku wa jana, naisomea logi zote za tangu jana hadi mstari wa mwisho, na yule mwanachama wa Tabora anaikuta fedha yake. Kama logi ilikuwa kwenye bwawa moja na data, vimekufa pamoja. Narudi usiku wa jana, na kila kilichofanyika leo kimepotea. Ndiyo maana nataka itenganishwe. Kasi ni faida ya pili. Hata wenye ASM kwa kawaida hupanga makundi mawili, moja la data na moja la eneo la kurejesha, na nakala za logi huwekwa pande zote mbili.

FUNDI: Hapo sina ubishi.

MKAGUZI: Mimi nimesikiliza muda mrefu, naomba niulize kuhusu ile betri.

FUNDI: Betri ya kadi ya RAID?

MKAGUZI: Hiyohiyo. Kwenye ukaguzi wa mwaka jana niliandika kwamba taa yake ni ya njano, na nikajibiwa kwamba seva inafanya kazi.

FUNDI: Mama Mkaguzi, jibu hilo lilikuwa la hatari. Kadi ya RAID inapokea andiko, inaliweka kwenye kumbukumbu yake, inaiambia hifadhidata "tayari", halafu inaliandika kwenye diski kwa wakati wake. Huo ni uongo unaoruhusiwa, kwa sharti kwamba umeme ukikatika betri itailinda ile kumbukumbu hadi umeme urudi. Betri ikichoka, kadi iliyopangwa vizuri inaacha kudanganya: kila andiko linangoja diski. Kwa diski za kuzunguka, asubuhi moja watu wanashangaa mfumo umekuwa mzito na hakuna aliyebadilisha kitu. Kadi iliyolazimishwa kuendelea kudanganya bila betri ni mbaya zaidi, kwa sababu umeme ukikatika, maandiko ambayo hifadhidata iliyaamini yamepotea. Kwa pariti pana ubaya wa ziada: umeme ukikatika baada ya data kuandikwa na kabla ya pariti kuandikwa, viwili hivyo havikubaliani tena, na hutajua hadi siku diski itakapokufa na hesabu ikakuletea takataka. Na SSD nazo hivyohivyo. Za seva zina kapasita ndani yake, za kumalizia kuandika umeme unapokatika. Nyingi za dukani, zile za kompyuta ya mezani, hazina.

MKAGUZI: Kwa hiyo ile "SSD ni SSD tu" niliyoambiwa na idara ya ununuzi si kweli.

FUNDI: Si kweli hata kidogo.

Kuna uongo mwingine, wa chini zaidi. Diski inaweza kurudisha data iliyoharibika bila kusema imeshindwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulifuatilia diski milioni 1.53 kwa miezi 41 na kukuta zaidi ya mara 400,000 ambapo kilichosomwa hakikulingana na alama yake ya uhakiki. RAID haikusudiwi kuligundua hili. Pacha wakitofautiana, mtambo haujui nani mkweli. Anayejua ni aliyeweka alama ya uhakiki juu ya kila ukurasa: mfumo wa faili kama ZFS, au hifadhidata yenyewe. PostgreSQL ilitoa hiari hiyo mwaka 2013, na tangu toleo la 18 la mwaka 2025 hifadhidata mpya huundwa ikiwa tayari imewashwa. Anayeendesha toleo la nyuma aende akaangalie leo kama kwake imewashwa.

MKAGUZI: Sasa naomba niseme lililonileta. Mmezungumza RAID kwa muda wote huu, na hakuna aliyesema kitu kuhusu mtu mwenye haki ya kufuta. Tarehe 31 Januari 2017, GitLab, kampuni ambayo kazi yake ni kutunza programu za watu, ilikuwa na tatizo la replika. Mhandisi aliyekuwa anapambana nalo usiku alifuta folda ya hifadhidata akidhani yuko kwenye seva ya akiba, kumbe yuko kwenye ile kuu. Alipotambua na kusimamisha, kati ya gigabaiti kama 300 zilibaki kama 4.5. Diski zote zilikuwa nzima. Pacha ingefuta pande zote mbili kwa uaminifu mkubwa.

MHASIBU: Na nakala rudufu?

MKAGUZI: Ndilo jambo ninalotaka mlisikie. Programu ya kutoa nakala ilikuwa ya toleo 9.2 na hifadhidata ilikuwa toleo 9.6, kwa hiyo kila usiku ilikuwa inashindwa. Barua pepe za kuonya zilikuwa zinatumwa na kukataliwa njiani, hakuna aliyezisoma. Picha za diski kwenye wingu zilikuwa hazijawashwa kwa seva za hifadhidata. Kilichowaokoa ni picha moja ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono saa kama 6 kabla, kwa ajili ya majaribio. Walipoteza kazi ya saa hizo 6, wakaeleza yote hadharani, na kwa hilo nawaheshimu. Mimi ninachouliza ni kimoja: sisi tumejaribu lini kurejesha?

MSIMAMIZI: Tunachukua nakala kila usiku, mama.

MKAGUZI: Sikuuliza kuchukua.

MHASIBU: Basi kwa nini tusiondoke kabisa kwenye diski tukaingia kwenye wingu? Nasikia kule hakuna RAID.

MSIMAMIZI: RAID haionekani, Mzee, lakini maswali ni yaleyale. Amazon kwenye Aurora, hifadhidata yao ya wingu, wanaweka nakala sita za kila kipande cha gigabaiti 10, mbili mbili kwenye kanda tatu, na andiko linakubaliwa nakala nne zikithibitisha. Huo ni ulinzi ambao sisi hatuwezi kuujenga kwenye chumba chetu. Ila mtu akituma amri ya kufuta jedwali, zitafutwa nakala sita badala ya mbili.

MKAGUZI: Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, yenye masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Tusome kwanza, ndipo tuhame.

Nikiombwa niandike kwenye kile kisanduku, ningeandika hivi. Diski 8 ziwe RAID 10 kwa ajili ya data: terabaiti 8 za kutumia, zinazotosha kwa zaidi ya miaka mitano. Diski 2 ziwe pacha kwa ajili ya logi, peke yake, bila faili nyingine yoyote. Moja ikae ndani ya seva kama akiba inayoingia kazini yenyewe, na ya 12 ifungiwe kabatini, kwa sababu diski inayokubaliwa na seva ya aina fulani haipatikani kila duka la Kariakoo, na kuiagiza nje kunaweza kuchukua wiki, wakati jozi iliyobaki na diski moja haina wiki za kungoja. Zote ziwe na kapasita za kulinda data umeme unapokatika, na jozi zichanganye makundi ya utengenezaji.

RAID 6 ya Fundi siitupi. Ina mahali pake: mashine ya pili, ya bei nafuu, yenye diski kubwa za kuzunguka, kwa ajili ya nakala rudufu. Kule maandiko ni makubwa na ya mfululizo, mtambo unakokotoa pariti kutokana na data mpya yenyewe bila kusoma ya zamani, na zile kazi sita hazitokei. Kule terabaiti nyingi zinahitajika kweli, na kurejea polepole kwa siku mbili hakumzuii mwanachama kupata fedha yake. Mhasibu angepata nafasi yake ya bei nafuu mahali inapofaa. Mashine hiyo ikae jengo lingine, na asiyekuwa na sababu ya kufuta asipewe haki ya kufuta humo.

Kwa hifadhidata ya ripoti, inayosomwa mchana kutwa na kuandikwa mara moja usiku, ningekubali RAID 6 ya SSD bila kusita. Kwa ile inayopokea fedha za watu, hapana.

Nawaomba wakurugenzi na wajumbe wa bodi wanaotia saini ununuzi wa namna hii: kabla hamjauliza bei ya terabaiti, ombeni mwonyeshwe tarehe ambayo hifadhidata yenu ilirejeshwa mara ya mwisho kwenye mashine nyingine, kutoka kwenye nakala rudufu na logi, ikawaka, na salio la mwanachama mmoja likalinganishwa na leja. Kama hakuna tarehe ya kuonyeshwa, wekeni kalamu chini, amrini zoezi hilo lifanyike kwanza, halafu ndipo mrudi kwenye ofa ya diski.